Ushirika na Kinga ya UKIMWI: Funzo kutoka Sonagachi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi ya kusema juu ya kinga ya UKIMWI. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: jambo hili si la waganga? Ushirika unaingiaje? Nitajibu kwa kuwaeleza habari za chama kimoja cha ushirika kilichoko mbali nasi, katika mji wa Kolkata, nchini India.

Katika mji huo umo mtaa uitwao Sonagachi, wanamoishi maelfu ya wanawake wanaojipatia riziki kwa biashara ya ngono. Mwaka 1992 Daktari Smarajit Jana alianzisha huko kazi ya kuzuia VVU. Hakupeleka askari wala wahubiri. Baadhi ya wanawake wenyewe walichaguliwa, wakafunzwa, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kuwaelimisha wenzao na kuwagawia kondomu. Zahanati nayo ikafunguliwa papo hapo mtaani.

Haukupita muda ikadhihirika kwamba elimu peke yake haitoshi. Mwanamke aliijua hatari, lakini hakuwa na uwezo wa kumkataa mteja asiyetaka kondomu, kwa kuwa alikuwa na deni. Benki hazikumpokea, na mkopeshaji wa mtaani alimtoza riba kubwa mno. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa wanawake wale matanga hayakuwa ya methali tu.

Basi mwaka 1995 wakaunda chama chao cha akiba na mikopo, kiitwacho USHA. Hapo wakakutana na kikwazo: sheria ya ushirika ya jimbo lao ilidai kila mwanachama awe mtu wa mwenendo mwema. Wakashauriwa wajiandikishe kuwa wake wa nyumbani. Wakakataa katakata, wakadai waandikishwe kwa kazi yao halisi. Na serikali ya jimbo ikawaondolea kikwazo hicho. Mwaka 1999 umoja wa wanawake hao ukakabidhiwa uendeshaji wa kazi yote ya kinga. Matumizi ya kondomu, ambayo mwaka 1992 yalikuwa haba kabisa, yakawa jambo la kawaida kwa walio wengi, na maambukizi mtaani humo yakabaki chini sana kuliko katika mitaa ya namna hiyo mjini Mumbai.

Sasa turudi kwetu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, katika nchi ya kahawa na ushirika. Leo dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na anayezitumia sawasawa hadi virusi visionekane katika kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Lakini kwenye mialo yetu ya uvuvi, na minadani wakati wa msimu, bado wako wanawake wasio na akiba wala dhamana, ambao hulala na mtu ili wapate samaki wa kuuza au kodi ya chumba.

Nasikia husemwa kwamba tukiwapokea hao, chama kitapata sifa mbaya. Ndugu zangu, uanachama wa hiari na ulio wazi ni kanuni ya kwanza ya ushirika. Haisemi “isipokuwa fulani.”

Kwa hiyo nawaomba Makatibu mambo matatu. Kwanza, msimnyime mtu hisa wala mkopo kwa sababu ya kazi yake au ugonjwa wake. Pili, tunzeni siri: atakayemwambia Katibu hali yake asiisikie kilabuni kesho yake, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza ubaguzi na inalinda siri hiyo. Tatu, siku ya malipo ya msimu waalikeni wahudumu wa afya, ili upimaji na ushauri upatikane pale pale penye fedha na penye vishawishi.

Daftari la akiba halitibu ugonjwa. Lakini humpa mtu uwezo wa kusema hapana, na uwezo huo ni kinga.