Fungua Mlango, Soma Stika



Shemeji yangu anaishi Houston, jimbo la Texas. Kazi yake ni bustani za watu: anafyeka nyasi, anapogoa miti, anazoa matawi na kwenda kuyamwaga. Wiki iliyopita alinitumia picha za pikapu tatu, zile kubwa za barabara za Marekani, ambazo ukiegesha Hilux pembeni yake utadhani ni mtoto anayesindikizwa shule. Moja ni Toyota Tundra, ya pili Chevrolet Silverado, ya tatu Ford F-150. Chini ya picha akaandika: "Shemeji, nichukue ipi?"

Nilimjibu kabla chai haijapoa. Chukua Toyota, funga mjadala.

Nadhani hata wewe ungejibu hivyo. Sisi tumekulia nyuma ya Land Cruiser, ile tunayoiita mkonga kwa sababu ya bomba lake la hewa lililopanda ubavuni mwa kioo. Tumeiona ikibeba chanjo, ikibeba askari, ikibeba harusi na msiba siku moja. Injini yake maarufu ya dizeli, 1HZ, ina silinda sita na lita 4.2, haina turbo, na ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Fundi wa Babati anaijua kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Basi jina Toyota likitajwa, sisi hatuulizi swali la pili.

Lakini baadaye niliona aibu. Mtu anataka kutoa fedha ya miaka mitano, nami namjibu kwa mazoea! Nikakaa, nikaanza kusoma. Leo naomba nikueleze nilichokuta, maana kinamhusu pia anayesubiri gari lake bandarini Dar es Salaam au Mombasa.

Tuanze na hiyo Tundra. Inaundwa San Antonio, kama saa tatu kwa gari kutoka Houston. Mwaka 2016 habari zilienea za mkazi mmoja wa Louisiana ambaye Tundra yake ya mwaka 2007 ilikuwa imetembea maili milioni moja. Hizo ni zaidi ya kilomita milioni moja na laki sita. Toyota wenyewe waliichukua ili waikague, wakampa mpya. Unaona? Nikajiambia, shemeji nilimjibu vizuri.

Kisha nikasoma ukurasa unaofuata. Kwa Tundra ya mwaka 2022 Toyota waliachana na injini ya zamani ya V8, wakaweka V6 yenye turbo mbili. Mei 2024 wakatangaza kwamba takriban magari 102,000, Tundra na ndugu yake Lexus LX, yarudishwe kwa mawakala. Sababu? Mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji kiwandani yangeweza kuwa yamesalia ndani ya injini, yakala beringi za krenki, na injini ikazimika gari likiwa barabarani. Dawa iliyotolewa ilikuwa kubadilisha injini.

Nembo ya mbele ni ileile. Aliyetembea maili milioni na aliyerudishwa kwa wakala wanaitwa kwa jina moja. Ila injini ni nyingine, na mwaka ni mwingine.

Nikahamia kwenye Silverado. Huko nikakuta jambo linalofanana na hilo, lenye funzo lake. Aprili 2025 kampuni ya General Motors iliita magari karibu 600,000 nchini Marekani, pikapu pamoja na magari makubwa ya familia, yenye injini ya V8 ya lita 6.2. Tatizo lilikuwa kwenye krenki na konrodi. Gari lililokutwa na hitilafu lilitengenezewa injini au kubadilishiwa. Lililopita ukaguzi liliwekewa oili nzito zaidi. Sasa sikiliza: injini hiyo ya 6.2 ndiyo mnunuzi anayoongezea fedha ili aipate. Silverado hiyohiyo yenye V8 ya lita 5.3, ambayo bei yake iko chini, haikuwamo katika wito ule. Aliyelipa zaidi ndiye aliyepanga foleni.

Simaanishi kwamba magari hayo ni mabovu. Kampuni inayotangaza kosa lake na kulirekebisha bila kumtoza mteja imefanya inavyotakiwa, na sheria ya Marekani inailazimisha. Shemeji anaweza kuingiza namba ya chesesi, ile yenye tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya kule, NHTSA, akajua kama gari analolitaka lina wito ambao haujashughulikiwa. Ninachosema ni hiki: uimara hauko kwenye jina. Uko kwenye injini fulani, giaboksi fulani, mwaka fulani. Na mwaka wa kwanza wa injini mpya ni mwaka ambao kiwanda bado kinajifunza. Kama una haraka ya kuwa mwalimu wao, sawa. Kama gari ndilo linalolisha watoto, mwache jirani atangulie.

Tuje kwenye vikorombwezo. Hapa shemeji ndipo alipokuwa amenogewa. Skrini kubwa kama ya televisheni. Viti vinavyopasha joto na vinavyopooza. Paa la kioo. Ngazi zinazojishusha zenyewe ukifungua mlango.

Paa la kioo mimi nalifahamu. Niliwahi kununua gari lililotumika lenye paa la namna hiyo, na nililionea fahari kiangazi kizima. Masika ilipofika, nikiwa njiani kwenda Morogoro, maji yakaanza kunidondokea kwenye goti la kushoto. Spea haikupatikana. Fundi akaliziba kwa silikoni pande zote, na tangu siku hiyo likawa paa kama mapaa mengine. Nililipia dirisha, nikaishia na bati.

Kampuni ya utafiti ya J.D. Power huwauliza Wamarekani kila mwaka kuhusu magari waliyokaa nayo miaka mitatu, kisha inahesabu matatizo kwa kila magari 100. Katika miaka ya karibuni, eneo linaloongoza kwa malalamiko limekuwa skrini na mambo yake: simu haiungani, sauti haitambuliwi, ramani inagoma. Tuwe waadilifu lakini. Skrini ikigoma, unafika ukiwa umenuna. Krenki ikigoma, hufiki. Malalamiko ya aina hizo mbili yakijumlishwa kwenye hesabu moja, msomaji wa haraka anaweza kudhani gari linalokera ni sawa na gari linalokwamisha. Kwa hiyo unapoambiwa gari fulani lina matatizo mengi, uliza: matatizo gani?

Wala si kila kikorombwezo ni mbwembwe. Ford F-150 ya mwaka 2021, ile yenye injini ya petroli inayosaidiwa na mota ya umeme, ilikuja na soketi kwenye bodi, na aliyeongeza fedha alipata umeme wa hadi kilowati 7.2. Februari mwaka huohuo baridi kali iliishukia Texas, mamilioni ya watu wakakosa umeme kwa siku kadhaa. Wenye pikapu zile wakavuta waya hadi ndani, wakawasha vipasha joto na majokofu. Ford ikawaomba mawakala wake wa Texas wawaazime wananchi zile zilizokuwa kwenye yadi zao. Shemeji anaikumbuka wiki ile vizuri. Na soketi hizo siku za kawaida zingemchajia misumeno na mashine zake za kukatia majani. Hicho ni kitu cha ziada kinachofanya kazi yake. Ngazi inayojishusha inafanya kazi gani, na miguu anayo?

Sasa nije kwenye stika, ambayo naona wanunuzi wengi hawaitazami. Ukifungua mlango wa dereva wa pikapu ya Marekani, kwenye nguzo utaona stika inayosema uzito wa abiria na mizigo kwa pamoja usizidi kiasi fulani. Tangazo linaweza kukwambia gari linavuta zaidi ya pauni 10,000, yaani zaidi ya tani nne na nusu. Stika ndiyo inayosema ukweli wa gari lile hasa ulilolishika mlango.

Tupige hesabu ya shemeji. Tuseme stika inaruhusu pauni 1,500, yaani kilo 680. Anapanda yeye na vibarua wawili, kilo 250. Zimebaki 430. Vifaa na madumu ya mafuta kwenye bodi, kilo 100. Zimebaki 330. Nyuma kuna tela la tani tatu. Tela halining'inii hewani: kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake hukandamiza ndoano ya gari, maana yake kilo 300 hadi 450. Hapo ameshafika ukingoni, kama hajavuka. Injini ingevuta bila shida. Springi, ekseli na breki ndizo zingelia.

Kila kikorombwezo kinaingia kwenye hesabu hiyo. Paa la kioo lina uzito. Mota za viti zina uzito. Ngazi zina uzito. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa haupandi kwa sababu umeongeza anasa, kwa hiyo anasa inakula nafasi ya mzigo. Ndiyo maana pikapu ya bei kali inaweza kubeba pungufu kuliko ndugu yake wa viti vya kitambaa aliyeegeshwa safu ya nyuma.

Jana nilimpigia simu shemeji, nikafuta jibu langu la kwanza. Nilimwambia aache kuniuliza nembo. Achague injini iliyokaa sokoni miaka kadhaa na ambayo mafundi wa mtaani kwake wameshaifungua. Aangalie namba ya chesesi. Achukue toleo la kazi, aongeze soketi, aache ngazi. Na kabla ya kuketi kwenye kiti cha ngozi kujipiga picha, afungue mlango, asome stika, apige hesabu na kalamu yake mwenyewe.

Nawe msikilizaji, uliye Kariakoo au Kisumu, ukitaka pikapu ya kubebea saruji, samaki au mahindi, anza na mzigo wako. Upime kwanza. Kisha nenda kwa fundi unayemwamini, mtajie injini na mwaka, umuulize maswali mawili: hii inaharibika wapi, na spea yake inauzwa wapi. Akishindwa kujibu swali la pili, usilipe.