Mpeni Tuta Lake

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Malindi

Niliitwa nizungumze juu ya mboga, na mboga tutazifikia. Lakini naanza na mtu ambaye baadhi yenu mnaye nyumbani, na kwenye mikutano hamumtaji.

Ni yule aliyekuwa jeshini. Majeshi yetu yaliingia Somalia mwezi wa Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa, askari wetu wengi wakafa. Waliokufa tuliwalilia. Waliorudi na mikono na miguu yao tuliwachinjia mbuzi, tukadhani mambo yamekwisha. Kumbe mtu halali usiku. Mlango ukipigwa na upepo, anaruka. Anagombana na watoto, halafu huyoo, mangweni. Majirani wanasema ana mapepo, na mkewe anakaa kimya hapa kikundini kwa sababu ya aibu.

Jambo hili si geni. Wazee wa Keya walipelekwa Uhabeshi na Burma katika vita vya 1939 hadi 1945, na si wote walirudi vile walivyoondoka. Hata kwa Wazungu ni hivyo hivyo. Wakati wa vita vya kwanza, kule Scotland katika hospitali ya Craiglockhart, daktari mmoja, Arthur Brock, alikuwa akitibu maofisa waliovurugwa akili na vita. Hakutaka wakae tu. Aliwahimiza washike kazi, na kulima bustani ilikuwa mojawapo. Aliona kuwa mtu huyo amekatika na watu na mahali alipo, na kazi ya mikono itamrudisha.

Mimi nililiona kwa ndugu yangu mwenyewe. Tulimwombea, na bado tunamwombea. Lakini mwaka ule aliporudi, mama alimpa kopo na jerikeni, akamwambia, "Mwanangu, miguu yaniuma, nimwagilie mchicha wangu." Basi. Hakumuuliza habari za Somalia. Asubuhi akamwagilia, jioni akamwagilia. Siku ya tano mbegu zilikuwa zimetoka, nikamkuta amechutama anazitazama. Wiki ya nne tukala mboga yake. Alikuwa bado anaamka usiku, sitawadanganya. Lakini sasa akiamka alikuwa na mahali pa kwenda pasipokuwa mangweni: alikwenda kuangalia kama mbuzi wameingia.

Ndiyo maana nasema anzeni na mchicha au kunde za majani. Msianze na muhogo, jamani. Muhogo ni karibu mwaka mzima, na mtu wa namna hii anahitaji kitu kitakachomjibu upesi. Mabenda na biringani zifuate baadaye. Wadudu wakija, twangeni majani ya mwarobaini, yalowekeni usiku kucha, mchuje na kunyunyiza. Mpeni yeye kazi hiyo, inataka mtu mwangalifu, na askari ni mwangalifu.

Sasa yako mambo ambayo vikundi hukosea. Msimpe pori la kufyeka na kuchoma. Moshi na mlio wa moto vyaweza kumrudisha kule alikotoka. Msimfanye mlinzi wa shamba usiku eti kwa kuwa anajua bunduki. Mtu huyo anatafuta kulala. Tuta lake liwe mahali anapoweza kuona njia, asilime akiipa mgongo. Ukimwendea, piga hodi kwa mbali, usimguse bega ghafla. Na mavuno ya tuta lake ni yake. Akitaka kuuza, auze. Akitaka kugawa, agawe. Nimeona kikundi kikimlimisha mtu wa namna hii bure kwa jina la kumsaidia, hilo mimi siliiti msaada.

Akizungumza, msikilizeni. Asipozungumza, palilieni. Wanaume wengi husema wakiwa wameinama na jembe kuliko wakiwekwa kwenye kiti na kuangaliwa usoni.

Na bustani isiwe kisingizio cha kutompeleka hospitali. Akisema hataki kuishi, au akimpiga mkewe, usingoje mchicha ukomae. Mke na watoto waondoke wakalale kwa watu, na yeye apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, na mmoja wenu amsindikize. Dawa akipewa, azimeze, na bustani iendelee.

Mama mwenyekiti, nilipokuwa nikiingia niliona matuta mawili upande wa kisima, yamelala tu, hayana mwenyewe. Mvua za masika ziko karibu. Kabla hatujala, naomba twende tukayatazame, na yule mama aliye na mtu nyumbani atembee na mimi, hana haja ya kusema lolote mbele ya watu.