Mazungumzo kwa Wakaazi: Uwanja Uliobaki Vinywani mwa Wazee



Huko Brooklyn, katika jiji la New York, wapo wazee ambao wakiulizwa habari za utoto wao hutaja kwanza uwanja usiokuwepo tena. Uliitwa Ebbets Field, ulifunguliwa mwaka wa 1913, na ulikuwa nyumbani kwa Dodgers, timu ya besiboli. Kwa asiyeufahamu mchezo huo, ni ndugu wa raunda wanayocheza watoto wa shule za msingi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo la mbao, kisha anatimua mbio kupitia vituo vinne.

Uwanja ulikuwa mdogo, na watazamaji walikaa karibu na wachezaji. Mama mmoja shabiki, Hilda Chester, alijulikana na kila mtu kwa kengele yake ya ng'ombe. Kulikuwa pia na bendi ya mashabiki waliopiga ala zao ovyo ovyo, na hakuna aliyetaka wapige vizuri zaidi.

Hapo ndipo Jackie Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli katika karne ya 20. Dodgers walikuwa wamezoea kulia mwisho wa msimu. Kati ya 1941 na 1953 walifika fainali na Yankees mara tano, wakashindwa zote tano. Mwaka wa 1955 wakawashinda, na Brooklyn nzima ikamwagika barabarani.

Watu wa rika hilo wana kumbukumbu nyingine ya jioni: bolingi. Mpira mzito wa hadi kilo 7 unaviringishwa juu ya sakafu ya mbao ili uangushe pini 10. Ajabu ni kwamba kutoka kwa mchezaji hadi pini ya mbele ni karibu sawa na kutoka kwa mrushaji wa besiboli hadi kwa mpigaji. Tofauti ni sentimita 15 tu. Wafanyakazi wa viwanda, waumini wa makanisa na wanachama wa vyama vya wafanyakazi walikuwa na timu zao, jezi zao na ligi zao za kila wiki. Kufikisha alama 300, yaani kuangusha pini zote mara 12 mfululizo, kulimfanya fundi wa kawaida awe gumzo la mtaa.

Nyuma ya pini walikaa wavulana wa kuzipanga upya. Wakaruka juu kukwepa mpira, wakainama, wakapanga, usiku hadi usiku, kwa malipo kidogo na sarafu walizotunzwa na wachezaji. Mashine ya kupanga pini ilionyeshwa hadharani Buffalo mwaka wa 1946, na katika miaka ya 1950 kazi hiyo ikaisha. Wapo wanaoikumbuka kwa tabasamu. Migongo yao pengine ina maoni tofauti.

Utamu huo haukuwa wa wote. American Bowling Congress, chama kilichoundwa mwaka wa 1895, kiliwakubali wanaume weupe peke yao. Wachezaji Weusi wakaunda chama chao Detroit mwaka wa 1939. Sheria hiyo ya ubaguzi ilifutwa mwaka wa 1950, wakati Robinson tayari alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Ebbets Field haikuangushwa na uzee peke yake. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka kujenga uwanja mpya papo hapo Brooklyn. Robert Moses, aliyekuwa na kauli kubwa juu ya ardhi ya jiji, alimwelekeza Queens. Hawakuelewana, na timu ikahamia Los Angeles. Mechi ya mwisho, tarehe 24 Septemba 1957, ilitazamwa na watu 6,702 katika uwanja uliochukua zaidi ya 30,000. Mashabiki hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo ya ardhi. Hapa Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka viwanja vya michezo mikononi mwa kaunti, na Katiba hiyo hiyo inataka mwananchi ashirikishwe.

Ubomoaji ulianza Februari 1960, kwa tufe la chuma lililopakwa rangi likafanana na mpira wa besiboli. Roy Campanella, mdakaji hodari wa Dodgers aliyepooza baada ya ajali ya gari, alikuja kwa kiti cha magurudumu. Alipewa chombo chenye udongo kutoka mahali alipokuwa akichuchumaa kudaka.

Majumba ya kupangisha yakajengwa hapo. Baadaye kikawekwa kibao ukutani: ni marufuku kucheza mpira.