Dawa za presha na tendo la ndoa

Baadhi ya dawa za presha, hasa atenololi na vidonge vya kuongeza mkojo kama haidroklorothiazidi, huweza kupunguza nguvu za kiume. Lawama si ya dawa peke yake: presha yenyewe huharibu mishipa inayopeleka damu kwenye uume. Wengi huona haya kusema, wakaacha vidonge kimyakimya. Hapo ndipo penye hatari, kwani atenololi ikikatwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo. Daktari akiambiwa, anaweza kubadilisha dawa. Losatani na amlodipini, kwa mfano, hupunguza nguvu za kiume mara chache zaidi. Anayejinunulia dukani sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ajue kwamba ni marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za nitrati: presha huporomoka, na mtu anaweza kufa.