EX NA IN KWENYE CHUPA ZA DAWA



Kusoma Kiswahili tumeweza, na barua tunaandika wenyewe. Lakini dawa tunayonunua Sumbawanga mjini mara nyingi imeandikwa Kiingereza. Sasa tufanyeje? Leo tuzungumzie herufi mbili, E na X, halafu tuguse I na N.

Waingereza walichukua maneno mengi kwa Walatini, watu wa Roma ya zamani. Kwa hao EX ilikuwa na maana ya "kutoka ndani kwenda nje". Haya, tazameni. EXIT juu ya mlango ni mahali pa kutokea. EXPORT ni kuuza nchi za nje, kama mahindi yetu yanapovuka kwenda Zambia au Kongo. EXTERNAL ni upande wa nje. Basi chupa ikisema FOR EXTERNAL USE ONLY, dawa hiyo ni ya nje ya mwili tu. Inapakwa. Hainywewi, jamani! Hata kijiko kimoja hapana, hata ikinukia kama dawa ya kikohozi.

Kuna na EXP. Huo ni ufupisho wa EXPIRY, yaani muda umekwisha. Vijana wanasema dawa "imeekspaya". Ukiona EXP 06 2027, soma hivi: mwezi wa sita, mwaka 2027. Dawa iliyotunzwa vizuri inafaa mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Julai ikiingia, usiitumie tena. Karibu na hapo mtaona MFG au MFD. Hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Wengi wanachanganya tarehe hizi mbili: huyu anatupa dawa nzima aliyoilipia, yule anampa mtoto iliyokwisha muda.

Lakini msikisie kila neno kwa EX yake. EXTRA, tunayoiona kwenye pakiti za sabuni, maana yake ni "ya ziada".

Tuje kwa IN. Hii ina ujanja zaidi. INTERNAL ni ndani. INCORRECT ni "si sahihi", hapo IN inakataa. Na INSECTICIDE? Hapo IN haikatai kitu, ni mwanzo tu wa neno INSECT, yaani mdudu. CIDE ya mwisho ni kuua. Kwa hiyo ni dawa ya kuua wadudu. HERBICIDE nayo inaua mimea. Ukikosea ukapiga dawa ya magugu isiyo ya mahindi, shamba zima linakauka. Tena si kila INSECTICIDE ni ya ghalani. Ile ya kunyunyizia shambani usichanganye na mahindi ya kula, hata dumuzi wakizidi. Muulize kwanza bwana shamba ipi ni ya nafaka.

Neno lililo baya kuliko yote ni INFLAMMABLE. Aliyejifunza INCORRECT atasema, "Aha, hii haiwaki." Kumbe inawaka upesi sana! FLAMMABLE na INFLAMMABLE maana yake ni moja, na hata Waingereza wenyewe yamewasumbua. Maneno haya huandikwa kwenye malori ya petroli, kama yanayopita barabara ya Tunduma kuja kwetu, na kwenye makopo ya rangi. Dumu au kopo lenye lolote kati ya hayo mawili lisikae jikoni karibu na mafiga, wala usilifungue usiku kwa mwanga wa kibatari.