Saratani ya Mlango wa Kizazi: Kwa Nini Wengine Hupimwa na Wengine Hawapimwi

(Maneno ya hotuba iliyotolewa Gitting, wilayani Hanang)



Nimeombwa niseme juu ya maradhi ambayo kwa desturi yetu hayatajwi mbele ya watu, nayo ni saratani ya mlango wa kizazi. Nashukuru kwamba akina baba nao wamekaa kusikiliza, kwani sehemu kubwa ya maneno haya yanawahusu wao.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba saratani hii haizuki ghafla. Huanzishwa na kirusi kiitwacho papiloma, kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa mwanamke mwenye kinga imara ya mwili huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka mabadiliko madogo yageuke saratani. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10. Katika miaka hiyo mama hasikii maumivu. Analima, anakamua ng'ombe, anazaa. Basi ni ugonjwa unaotupa nafasi ndefu ya kuuzuia.

Tazameni jinsi nafasi hiyo ilivyogawanywa. Makadirio ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika nchi tajiri wanawake 84 kati ya 100 wenye umri wa miaka 30 hadi 49 walikuwa wamewahi kupimwa japo mara moja. Katika nchi za uchumi wa kati ngazi ya chini, kundi ambalo Tanzania iliingia mwaka 2020, walikuwa 9 tu. Mwaka huo huo wa 2020 ilikadiriwa kwamba Watanzania zaidi ya 10,000 walipatwa na saratani hii, na zaidi ya 6,000 walikufa nayo.

Je, wanawake wa Uingereza ni jasiri kuliko mama zetu wa Hanang? Sivyo. Tangu mwaka 1988 huko kuna orodha ya wanawake, na kila mmoja huletewa mwaliko wakati wake ukifika, asipokwenda, hukumbushwa. Mwanamke wa kwetu aliyehamia London naye huupata mwaliko huo, hali dada yake aliyebaki nyumbani hungoja mpaka damu ianze kumtoka.

Wapo watakaosema kwamba sisi ni maskini. Sikubali kwamba neno hilo latosha. Zambia mwaka 2006 ilianza mpango wa wauguzi kupima kwa siki: mlango wa kizazi hupakwa siki iliyozimuliwa, na sehemu yenye hitilafu hugeuka nyeupe kwa dakika chache. Hapahitajiki maabara, na mara nyingi tiba hutolewa siku ileile. Kipimo hicho kipo nchini mwetu pia. Rwanda ilianza chanjo kwa nchi nzima mwaka 2011, kabla ya majirani zake wote. Sisi tukafuata mwaka 2018, na tangu 2024 binti wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa dozi moja tu.

Kwetu mama akitaka kufika Katesh, au akipewa rufaa ya kwenda Haydom, huhitaji nauli na ruhusa, na vyote viwili viko mkononi mwa mumewe. Lakini liko jambo zito kuliko nauli. Mume akisikia kwamba mkewe amekutwa na dalili, humshuku zinaa. Hii ni dhuluma. Kirusi hiki chaweza kukaa mwilini miaka mingi kimya, na mke asiyemjua mwanamume mwingine hukipata kwa mumewe mwenyewe. Sisi tunaojua ukali wa masharti ya ushahidi wa zinaa katika sheria yetu, twawezaje kumhukumu mama kwa karatasi ya kliniki? Kwa hofu hiyo wengi hawaendi kabisa, na wanaokwenda huchelewa.

Ama kuhusu stara, mwanamke anayo haki ya kuomba apimwe na muuguzi wa kike, wala asione haya kuomba.

Napendekeza akina mama wachague watatu miongoni mwao wamwendee mganga wa zahanati, wamwombe alete wauguzi wa kike siku ya mnada, ambapo wanawake wa vijiji vyote huja kwa shughuli zao. Nanyi akina baba, kabla hatujatawanyika, tukubaliane nani atashika mfuko wa nauli ya watakaopewa rufaa.