Neno Lililokatwa Mkia: Usomekaji wa Kiswahili na Nafasi Inayopotea katika Skrini za Usimamizi



Eneo la Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambamo Jorodom imo, linafahamika sana miongoni mwa wanaisimu. Humo Kiiraqw, lugha ya Kikushi, hukutana na Kidatoga, lugha ya Kiniloti, na zote mbili hupakana na lugha za Kibantu kama Kinyiramba. Si mbali kutoka hapo husemwa Kihadza, ambacho hadi leo hakijapata ndugu anayekubaliwa na wataalamu wote. Wanafunzi wa isimu hufundishwa eneo hilo kama mahali pa kusikiliza lugha. Mhadhara huu unalitazama kama mahali pa kusoma. Kwa watu wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya pili, na ndiyo lugha ya daftari, ya rejista, ya cheti na, katika miaka ya karibuni, ya skrini.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano, kwamba mhudumu wa afya huko Jorodom amefungua kwenye kompyuta orodha ya watoto wanaosubiri chanjo. Jedwali lina safu wima tisa: namba, jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, kitongoji na kadhalika. Safu ya mwisho inaitwa Hali. Chini yake, kwa mtoto wa kwanza, wa tatu na wa saba, pameandikwa “Hajapa…”, kisha nukta tatu. Mhudumu huyo hawezi kujua kama mtoto hajapata, hajapatiwa, au hajapatikana.

Tofauti ya maneno hayo matatu si ya wanasarufi peke yao. Hajapata husema kwamba chanjo haijamfikia mtoto, bila kutaja sababu. Hajapatiwa huelekeza lawama, kwa upole, kwa mtoaji: huenda mtoto aliletwa, ila chanjo haikuwapo. Hajapatikana ni habari nyingine kabisa. Mtu alitoka akaenda kumtafuta, akarudi bila kumwona. Neno la pili linadai kuagiza chanjo, na la tatu linadai miguu, katika nchi ambako nyumba za Wairaqw husimama mbalimbali na wafugaji wa Kidatoga huhama na mifugo yao. Kilichozitenganisha habari hizo ni viambishi tamati, navyo ndivyo vilivyofyekwa na mashine.

Mtu atauliza: je, hapakuwa na nafasi? Hesabu ndogo itajibu. Zipo skrini za kompyuta za mkononi zenye upana wa pikseli 1366. Menyu ya kando ikichukua 250, na pambizo mbili tupu zikichukua 100 kila moja, jedwali hubaki na 916. Safu tisa zikigawana sawasawa, kila moja hupata 101 na ushei. Mbunifu akiweka utupu wa pikseli 20 kila upande ndani ya kila kisanduku, kama ilivyo desturi ya wengi, herufi hubakiziwa 61. Kwa fonti ambayo herufi moja huchukua wastani wa pikseli 8, hapo zinaenea herufi saba, nukta tatu hula nafasi ya moja, zinabaki sita. H-a-j-a-p-a.

Sasa uhesabiwe utupu. Pambizo ni 200, na visanduku tisa vyenye utupu wa 40 kila kimoja ni 360. Jumla ni 560 kati ya 1366, yaani takriban asilimia 41 ya upana wote haina kitu. Neno hajapatikana, lenye herufi kumi na mbili, lilihitaji pikseli 96 na likapewa 61. Upungufu ni pikseli 35, ilhali pambizo peke yake zina 200 ambazo hazimsemeshi mtu yeyote.

Haifai, hata hivyo, kuruka kutoka hapo na kudai kwamba utupu wowote ni hasara. Kusoma kwenyewe kunasimama juu ya utupu. Hati nyingi za Kilatini za kale ziliandikwa bila kutenganisha maneno, na desturi ya kuacha nafasi kati ya neno na neno ilianza kushika mizizi kwa waandishi wa Ireland katika karne ya 7 na ya 8, jambo lililochunguzwa kwa kina na Paul Saenger katika kitabu chake cha mwaka 1997. Katika miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ubeti mzima mara nyingi huwekwa katika mstari mmoja, na vipande vyake vinne hutengwa kwa alama, hivi kwamba jicho hujua pa kupumzikia kabla sauti haijafika. Robert Bringhurst, katika kitabu chake cha uchapaji cha mwaka 1992, aliona kwamba mstari wa kusomeka kwa raha una herufi kati ya 45 na 75. Anayesoma habari ndefu anahitaji pambizo pana. Lakini anayesoma orodha hasomi habari ndefu. Anatafuta mstari mmoja kati ya mia, na anahitaji kuiona mistari mingi kwa mtazamo mmoja.

Waundaji wa programu walilitambua hilo kwa njia ya malalamiko. Gmail ilipobadilishwa sura mwaka 2011, watumiaji walipewa hiari ya kuchagua msongamano wa mistari, kuanzia uliolegea hadi uliobanwa. Hiari hiyo ilikuwa jambo jema. Hata hivyo iligusa urefu wa ukurasa zaidi ya upana wake, na tatizo la Kiswahili liko kwenye upana.

Sababu ni ya kihistoria, na hapo ndipo mwanaisimu anapopata neno la kusema. Lugha za Kibantu haziandikwi kwa namna moja. Kitswana huandika ke a mo rata, maneno manne. Kizulu huandika ngiyamthanda, neno moja. Na Kiswahili ninampenda, vilevile neno moja. Sarufi inakaribiana sana. Kinachotofautiana ni uamuzi wa waandishi kuhusu mahali pa kuweka nafasi. Tahajia ya Kiswahili iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ya kuunganisha, na uamuzi huo umewafaa wasomaji wa Kiswahili kwa karibu karne nzima. Lakini kisanduku cha jedwali kimebuniwa na watu ambao kauli yao huwa na nafasi ndani yake. Kwa Kiingereza, kukanusha ni neno na tendo ni neno. Kisanduku kikiwa chembamba, la pili hushuka mstari wa chini na habari inabaki nzima. Haijaidhinishwa, herufi kumi na tano, haina pa kushukia. Ni sentensi kamili iliyovaa vazi la neno moja, na mashine inayoliona vazi tu hukata popote.

Mikato hiyo ina madhara yasiyo sawa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati na ukanushi kichwani, mzizi katikati, na uhusiano wa watendaji mkiani. Ukikikata mwishoni, unabaki na nani na lini, unapoteza nani alimfanyia nani. “Ameandik…” inaweza kuwa ameandika, ameandikwa, ameandikiwa, ameandikisha au ameandikishwa. Mwalimu mkuu anayesoma orodha ya wanafunzi wa kidato cha kwanza hawezi kuridhika na ubashiri.

Kuna dawa ambayo Kiswahili kinayo tayari na ambayo haitumiki ipasavyo. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kukata neno mwishoni mwa mstari ni kazi nyepesi: ha-ja-pa-ti-ka-na, m-tu-mi-a-ji, mwa-na-fu-nzi. Wanaohitaji kuangaliwa ni wageni kama daktari na maktaba. Wachapaji wa magazeti ya Kiswahili wamekuwa wakigawa maneno hivyo katika safu zao nyembamba kwa miongo mingi. Mashine nazo hutumia kanuni za ukataji za kila lugha. Ambapo kanuni za Kiswahili hazikuwekwa, neno halikunjwi, linafyekwa. Ni kanuni za kuandikwa katika alasiri moja, na inashangaza kwamba mijadala ya istilahi, kama vile tarakilishi au ngamizi, imekula karatasi nyingi kuliko suala hili.

Kwa hakika historia ya kuingiza Kiswahili kwenye programu imekuwa, kwa sehemu kubwa, historia ya istilahi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, ulikuwa hatua ya heshima, na maneno kama hifadhi, faili na futa yamezoeleka. Lakini katika kazi ya namna hiyo, popote duniani, mfasiri kwa kawaida hupewa orodha ya maneno pweke. Haoni kitufe, haoni safu, haoni jirani wa neno. Akipewa tendo, atalitafsiri kwa kitenzi-jina au kwa amri? Akichagua kitenzi-jina, menyu itasomeka Kuhifadhi, Kufuta, Kuchapisha, Kutafuta, na kila mstari utaanza kwa herufi zilezile mbili. Uchunguzi wa mwendo wa macho uliochapishwa na Jakob Nielsen mwaka 2006 ulionyesha kwamba wasomaji wa skrini hupitia zaidi mwanzo wa mistari, upande wa kushoto. Kwa msomaji wa namna hiyo, ku- nne zilizopangwa wima ni ukuta. Amri, yaani Hifadhi, Futa, Chapisha, Tafuta, huokoa nafasi na huokoa jicho. Wapo wanaoona ukali katika amri hizo. Wasahau kwamba anayeamrishwa ni mashine.

Upatanisho wa sarufi ni mtihani mwingine, ingawa si wa kukawia. Programu huandika tarakimu na kuacha nafasi ya jina: 3 yamechaguliwa. Ni mafaili au watumiaji? Kugawa umoja na wingi peke yake hakutoshi kwa lugha yenye ngeli.

Suala la majina ya watu lina uzito zaidi. Nchini Tanzania mtu huandikwa kwa majina matatu, na mara nyingi jina la tatu ndilo linalotenganisha akina Emanueli wawili wa kitongoji kimoja. Safu yenye herufi sita humpa mhudumu “Emanue…” na kumwachia mengine ayakumbuke. Majina ya Kiiraqw yana shida yake pia. Tahajia iliyotumiwa na Maarten Mous katika sarufi yake ya mwaka 1993, na baadaye katika kamusi ya mwaka 2002 aliyoiandaa pamoja na Martha Qorro na Roland Kiessling, huwakilisha sauti moja ya koromeo kwa mkwaju na nyingine kwa hh, pamoja na sl na tl kwa sauti za kando ya ulimi. Kwa mashine, mkwaju ni mpaka kati ya kabrasha na kabrasha, au kati ya siku na mwezi. Zipo programu zinazoukataa katika uga wa jina. Kwenye vyeti mkwaju huangushwa. Sauti imekwisha kupotea kwenye karatasi. Isiongezewe hasara ya kukatwa mkia kwenye skrini.

Inafaa kulinganisha na kilichokuwapo kabla. Rejista za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, zimekuwa zikijazwa kwa mkono katika zahanati tangu miaka ya 1990. Ni vitabu vipana, vya Kiswahili, vyenye safu nyingi. Hazina uzuri wa kusifiwa. Lakini kalamu ikikosa nafasi, mwandishi hupunguza ukubwa wa herufi, hupinda kwenda juu, huandika pembeni. Pambizo ya karatasi ni akiba ya mwandishi. Muhtasari wa takwimu hizo ulipohamia kwenye mfumo wa DHIS2, uliokuwa umeenezwa Tanzania Bara kufikia mwishoni mwa 2013, faida ilikuwa kubwa: takwimu za wilaya huonekana mkoani na wizarani bila kungoja bahasha. Hakuna mwenye akili atakayetaka kurudi nyuma. Ila pambizo ya skrini si akiba ya mtu. Haiandikiki.

Litatolewa pendekezo jepesi, nalo limekwisha kusikika katika vikao vya namna hii: lugha ijibane. Badala ya hajapatikana iandikwe hayupo, herufi sita, inaenea. Pendekezo hilo lina mvuto kwa sababu ni la bei nafuu, na katika vitufe na menyu linafaa kabisa. Katika safu ya Hali halifai. Hayupo husema mtoto hako mahali fulani. Hajapatikana husema alitafutwa. Mtu aliyekwenda kwa miguu hadi bomani na kurudi jioni amefanya kazi, na kazi hiyo imeandikwa katika silabi tatu za mwisho za neno lake. Kuzifuta ili pambizo zibaki nyeupe ni kumwambia kwamba hakwenda. Kabla Kiswahili hakijaombwa kitoe herufi sita, mbunifu aombwe kwanza pikseli 35.